Sukari ya Kooni na Ndizi Iliyotafunwa

Wifi yangu alisema nimemuua mwanangu kwa sukari. Alisema siku ya tatu ya tanga, mbele ya wanawake waliojaa uani, akiwa ameshika kopo langu la sukari mkononi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze. Ninaandika haya nikiwa na wajukuu wakubwa. Mkono wangu ni mzito, maana nilisoma madarasa mawili tu kwa masista kabla baba hajanitoa nikachunge ng'ombe. Lakini kumbukumbu yangu haijachoka. Anayetaka habari za kusameheana akatafute kwa mtu mwingine, huku kwangu hazipo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, na tulikaa Igogo, mtaa mmoja wa mji wetu wa ziwani. Mume wangu alikuwa mbeba marobota ya pamba bandarini. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, na mwenye sauti ndani yake alikuwa dada yake mkubwa, huyo wifi yangu. Alikuwa mjane mwenye biashara. Alipanda meli kwenda Bukoba na magunia ya dagaa, akarudi na mikungu ya ndizi na kahawa ile ya kutafuna. Mimi nilitoka kijijini upande wa Magu, nikasilimu ili niolewe, na kwa miaka mitatu niliyokaa pale sikuacha kuitwa wa porini. Nikiteka maji nimeteka kiporini. Nikikoroga uji nimekoroga kiporini. Nilinyamaza, kwa sababu nilifundishwa kwamba ukiolewa umeolewa na mawifi pia.

Katika nyumba ile mtoto hakuanza kula kwa mkono wa mama yake. Shangazi yake, dada wa baba, ndiye aliyemtafunia. Alitafuna chakula mpaka kikawa laini kama uji, akakitoa kinywani kwa kidole, akamwekea mtoto ulimini. Walisema hivyo ndivyo mtoto anavyopata ulimi wa ukoo wa baba yake. Tena si tonge la kwanza tu. Mpaka mtoto aote magego, shangazi akiwepo nyumbani, kutafuna ni haki yake, na mama husimama pembeni na mwiko wake akitazama. Sisemi ilikuwa desturi mbaya. Watoto wengi walikua kwa kutafuniwa, na mume wangu mwenyewe alikua hivyo.

Mwanangu alikuwa na miezi saba. Alikuwa mnene, kichwa kikubwa, mcheshi kwa kila mtu. Alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa, na akianguka ubavu alicheka.

Wifi alishuka kwenye meli asubuhi moja akiwa na mkungu wa ndizi mbivu. Alipiga chafya mlangoni, akapiga chafya tena akivua ushungi, macho yamemwiva. Nikampa pole. Akasema ni vumbi la pamba, gatini marobota yamepasuka, pamba inaruka kama inzi. Akakaa kwenye mkeka, akaomba apewe mtoto. Akamenya ndizi, akaitafuna, akamlisha. Akatafuna nyingine. Kati ya tonge na tonge alipenga kamasi kwenye pindo la kanga yake. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko. Nilitaka kusema, wifi, mwache leo, unaumwa. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Mke wa mdogo mtu hamwambii wifi yake maneno kama hayo, nikayameza.

Siku ya pili yake mtoto alikuwa wa moto. Siku ya tatu nyumba nzima ililala. Mume wangu hakwenda kazini, mgongo unamvunjika, kichwa kinampasuka. Yalikuwa yale mafua makali yaliyopita mji mzima msimu ule. Watu wakubwa walilala kwa juma moja wakaamka wamekonda, na wazee na watoto wadogo baadhi yao hawakuamka. Mwanangu alikataa titi. Pua ilikuwa imeziba, hawezi kunyonya na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Nikachemsha maji, nikatia sukari kijiko kimoja, nikamdondoshea kwa kijiko kidogo. Alimeza. Ndicho kitu pekee alichomeza siku mbili.

Wifi aliponiona, akaniambia niache, sukari inaita kohozi. Akalichukua kopo akalifungia sandukuni mwake. Majirani walikuja kutujulia hali, wakajaa chumba kimoja tulicholala na madirisha yamefungwa, wanakohoa, wanapokezana mtoto mikononi na kata ya maji midomoni. Hilo halikumtisha mtu. Kilichotisha ni kopo.

Mwanangu alikufa siku ya tano, jua likiwa limeshapanda, mikononi mwangu.

Kwenye tanga ndipo aliposimama na lile kopo. Alisema, "Nilimkataza. Mkaidi huyu alimmiminia mtoto sukari mpaka kifua kikaganda. Muulizeni kama alitia au hakutia." Wakaniuliza. Nikasema nilitia. Ni kweli nilitia. Mume wangu alikuwa barazani na wanaume, alisikia kila neno, akaendelea kutazama kandambili zake. Baada ya arobaini alinipa talaka yangu kwenye karatasi, akanikabidhi kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.

Nilihamia chumba kimoja Mkuyuni na kuku sita. Mji ulikuwa mdogo wakati ule na maneno yalitembea. Nikipita Igogo kwenda kuuza mayai, mwanamke mmoja alikuwa akiwaambia wenzake, "Ficheni kopo, huyo anapita," nao wanacheka. Kama kulikuwa na mtoto mchanga, mama yake alimgeuzia kifuani. Hakuna aliyenipa mtoto nimshike. Miaka minne sikushika mtoto wa mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilijua nikibaki na jina lile hakuna atakayenioa, wala sitazaa tena, na hata nikizaa watanitazama kijiko changu. Wifi yangu alikuwa amenichukulia mtoto, mume na mkono wangu. Nikawa naamka na jina lake kabla ya kumtaja Mungu. Nilitaka aumie, tena aumie mbele za watu, uani palepale.

Kilichonifungulia njia ni mayai.

Mjini kulikuwa na nyumba ya vipimo, nyumba ya serikali ambayo siku hizi wangeiita maabara. Mtu wa kule alikuja Mkuyuni kuulizia mayai yenye mbegu, ya kuku wanaotembea na jogoo. Alikuwa Mkerewe, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, mwenye mzaha sana. Nilimwambia yangu yana mbegu yote. Akasema, "Dada, kila mwenye jogoo mmoja mzee ananiambia hivyo." Nikamulika mayai mbele yake kwa taa, moja moja, nikatenga mabovu. Akaacha mzaha. Kuanzia siku ile nilipeleka mayai kila juma, baadaye wakanichukua kuosha vioo. Niliosha neli za kioo, chupa, na vibao vya kioo vyenye vishimo vidogo vidogo kama bao la kuchezea. Kuku wangu wawili nao waliajiriwa, tunaweza kusema hivyo, kwa sababu walitolewa damu kidogo kwenye mshipa wa bawa, wakarudi kudonoa kama hakuna kilichotokea.

Mkerewe huyo ndiye msaidizi aliyefanya vipimo. Mayai yalikaa kwenye sanduku la joto, halafu alichoma tundu dogo kwenye ganda na kutia humo makamasi ya wagonjwa yaliyosafishwa. Mdudu wa mafua alizaana ndani ya yai. Baadaye alitoa maji ya yai lile, akayadondosha kwenye vishimo vya kibao, akaongeza damu ya kuku. Kishimo kisicho na mafua, damu ilizama chini ikawa doa dogo jekundu, mviringo, kama ushanga. Kishimo chenye mafua, damu haikuzama. Ilitanda chini kote kama mkeka.

Nilitazama mambo hayo miezi kadhaa nikidhani ni mambo ya wasomi. Siku moja, nikiwa nakausha neli, nikamuuliza kwa nini yenye mafua inatanda. Hakunicheka. Alisema damu si maji, ni vichembe vingi mno visivyoonekana kwa macho, na kila kichembe kimevaa kama manyoya mafupi, na manyoya hayo yametengenezwa kwa sukari. Mdudu wa mafua ana mikono mingi ya kukamata sukari hiyo. Anashika kichembe hiki kwa mkono mmoja na kile kwa mwingine, vikashikana vyote kama watu waliofumana vidole, ndiyo maana havizami. "Na kooni kwa mtu ni hivyohivyo," akasema. "Koo, pua, njia ya pumzi, vichembe vyake vyote vimevaa sukari. Mdudu anaishika ile sukari, ndipo anapopata kuingia. Bila sukari hapati pa kushika."

Neli ilinitoka mkononi ikavunjika.

Nataka msomaji aelewe nilisikia nini. Nilisikia kwamba mafua yanashika sukari kooni. Nilimwona mwanangu, mdomo wazi, na kijiko changu kinadondosha. Nikajiambia, mwanamke yule alisema kweli. Nilimpaka koo sukari mimi mwenyewe, nikamfungulia mdudu mlango. Yote niliyomchukia wifi, miaka ile yote, nikayaona yananirudia. Niliokota vioo nikajikata kidole. Mkerewe akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu, nikaondoka kabla ya saa.

Siku mbili sikwenda kazini. Siku ya tatu nilikwenda dukani nikanunua sukari, nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka mezani mbele yake. Nikamwambia habari yote, kopo, kijiko, tanga, talaka. Nilikuwa sijapata kumwambia mtu. Nikamwambia, nataka uiweke sukari hii kwenye vishimo vyako nione kwa macho yangu kama niliua.

Angeweza kuniambia tu jibu. Nadhani aliona kwamba la kuambiwa lisingenitosha. Akaikoroga sukari yangu kwenye maji ya chumvi, akapanga vishimo mistari mitatu. Mstari wa kwanza, damu na sukari yangu bila mafua. Wa pili, damu na mafua bila sukari. Wa tatu, vyote pamoja. Akaniambia nikae, inachukua muda. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikitazama kibao kama mtu anayetazama mlango wa mahakama.

Mstari wa kwanza ukashuka, ushanga, ushanga, ushanga. Sukari yangu haikufanya kitu. Wa pili ukatanda mkeka. Wa tatu nao ukatanda mkeka uleule, si zaidi, si pungufu.

"Umeona?" akasema. "Mdudu hana habari na sukari yako. Ya kikombe inakwenda tumboni, tumbo linaivunjavunja inakuwa nguvu. Hii ya kooni ni nyingine, mwili wenyewe unaifuma, unaifunga kwenye kichembe tangu mtoto yuko tumboni. Hata asiyewahi kuonja chai anayo. Wewe unayo. Huyo wifi yako anayo."

Halafu akanionyesha jambo la mwisho. Kulikuwa na dawa aliyoitunza kwenye barafu, iliyotokana na mdudu wa kipindupindu, ambayo kazi yake ni kukata yale manyoya ya sukari. Akaitia kwenye damu, tukaiacha mpaka kesho yake. Kesho yake akaiosha damu ile, akaongeza mafua. Damu ikazama, ushanga. Mafua yalikuwemo, lakini hayakuwa na pa kushika. Akasema hata mdudu wa mafua mwenyewe anabeba mkasi wa namna hiyo, maana akishazaana ndani ya kichembe lazima akate sukari ili watoto wake watoke, wasinase mlangoni. Akasema pia ute wa puani umejaa sukari ileile, mdudu anaung'ang'ania ute akidhani ni koo, ukipenga unamtupa nje. Tangu siku hiyo sijamgombeza mtoto kwa kuwa na makamasi. Nikamuuliza kwa nini kuku wangu wana sukari hiyo kwenye damu lakini hawapigi chafya. Akasema hajui. Nilimwamini zaidi kwa kusema hajui.

Nikabaki na swali moja. Nikamuuliza, kama si kijiko, alifikaje kwa mwanangu?

"Kwa mgonjwa," akasema. "Chafya, mkono wenye kamasi, mate. Mtu akiyatoa mdomoni mwake yakaingia kwa mwingine, ndiyo njia fupi kuliko zote."

Ndizi. Alisema neno mate, nami nikaona ile ndizi, kidole chake kikitoka kinywani, na pindo la kanga lililolowa. Sikulia. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akitafuta panga nyumba nzima, kisha akaliona limechomekwa darini juu ya kichwa chake.

Sikukimbilia Igogo. Nilingoja. Nilitaka watu wawe wengi kama walivyokuwa kwenye tanga.

Uhuru ukaja. Mji ulivaa majani ya migomba na bendera za karatasi, ngoma kila uwanja, na mvua za Desemba zilizotulowanisha hakuna aliyezijali. Kila uga ulipika. Igogo walipika katika ua uleule, kwa sababu ulikuwa mkubwa, na siku ile hakufukuzwa mtu, hata mtalaka. Nilikwenda na beseni la vitumbua. Nilipoingia, mwanamke yule wa siku zote akasema, "Ficheni kopo," wakacheka kwa furaha ya siku, hata wasiojua maana yake. Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati, kanga mpya ya sherehe. Nikamwamkia, shikamoo wifi. Akasema marahaba, na pua yake ilikuwa imeziba.

Mume wangu wa zamani alikuwa ameoa tena. Mkewe alikuwa binti mdogo, mpole, na mtoto wao wa kiume alikuwa na miezi minane. Alikuwa na kichwa kilekile kikubwa. Sitaki kueleza nilivyojisikia nilipokiona.

Pilau ilipopakuliwa, wifi akaomba apewe mtoto. Alipiga chafya begani mwake, akachukua kipande cha nyama na wali, akaanza kutafuna. Mke mdogo alisimama pembeni. Alikuwa ameshika mwiko.

Nami nikanyamaza. Naandika ukweli. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale, najua ninachokijua, na nilinyamaza. Moyo uliniambia, mwache. Amlishe. Huyu naye ni damu yao, waonje walichonionjesha. Nilitazama taya zake zikisaga. Nilitazama kidole chake kikipanda kwenye mdomo.

Wajukuu wangu wakisoma hapa wasidhani nilimhurumia yule mtoto. Kilichoniinua ni kingine. Niliona mbele, wazi kama kishimo. Mtoto ataugua, mama yake atamdondoshea maji ya sukari, na wifi atasimama tena uani na kopo lingine, na atatoka safi mara ya pili. Hilo sikuweza kumpa.

"Tema," nikasema.

Vichwa viligeuka, vya walio karibu kwanza, halafu vya wa mbali.

"Mtalaka wewe," akasema, mdomo umejaa, "unaniamrisha nyumbani kwetu?"

"Tema hiyo nyama. Una mafua."

"Mafua ya mvua haya. Nani hana?"

"Siku ile ulisema vumbi la pamba."

Alinielewa. Niliona akielewa, maana kidole kilishuka. Nikasimama nikasema yote, si kwa kelele. Nilisema kwamba alishuka kwenye meli anapiga chafya, akamtafunia mwanangu ndizi mbili, na siku ya pili yake mtoto akawa wa moto. Nilisema habari ya vishimo. Niliwaambia kila mmoja wenu hapa ana sukari kooni aliyozaliwa nayo, na mafua yanashika hiyo, hayashiki ya kopo, na nimeona kwa damu ya kuku wangu mwenyewe. Nadhani robo tu walifuata. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Lakini habari ya ndizi wote waliifuata.

Wifi akageukia wenzake. Akasema wa porini huyu siku hizi ni daktari. Wachache walicheka. Ndipo yule mwanamke wa ficheni kopo, ambaye kumbe alisafiri naye meli moja siku ile, akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Alikuwa anapiga chafya tangu Bukoba. Huko gatini kwenye pamba tulikuwa hatujafika."

Mke mdogo akaweka mwiko chini. Akaenda mpaka kwenye mkeka, akanyoosha mikono. "Naomba mtoto, wifi," akasema. Sentensi fupi, kwa adabu kabisa. Mimi ilinishinda, yeye ikamtoka. Wifi hakumpa mara moja. Walivutana kidogo sana, mtoto katikati anacheka, halafu mikono ya wifi ikalegea. Akaitema nyama kwenye kiganja chake, akabaki ameishika, hajui pa kuiweka.

Nilikula pilau yangu ikaisha.

Baada ya hapo hakuna aliyempa mtoto kumtafunia, si katika nyumba ile wala za jirani. Akikaribia, kina mama waliwageuzia watoto vifuani. Kulikuwa na neno lililozunguka mtaani, "Fumbeni watoto midomo, huyo anapita." Wengi hawajui lilianzia wapi. Nililianzisha mimi, kwenye foleni ya bomba la maji, na nililirudia mpaka likashika. Kwa upande wangu watu walianza kununua vitumbua, na mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa Igogo alinipa mwanawe nimshike wakati anafunga mzigo. Nilimshika mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaolewa tena, nikazaa wanne, na kila mmoja alikula kwa mkono wangu.

Wifi alikuja kwangu mara moja, miaka mingi baadaye, na fimbo. Nikamwamkia, akaitika. Nikamtandikia mkeka, nikampa chai, nikaweka kopo la sukari mbele yake, wazi, na kijiko ndani. Hakuligusa. Alizungumza habari za mvua na bei ya dagaa. Kisha akasema alichokuja kusema. Hakuomba radhi. Alisema, "Waambie watu tu kwamba sikujua. Nakaribia kufa na wajukuu wa ndugu yangu wananikimbia. Wewe ukisema, watasikia."

Nilikoroga chai yangu. Nikamwambia, "Kunywa, wifi, inapoa."

Aliinywa chungu, yote, akanitazama mpaka tone la mwisho. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alikufa kabla ya masika.

Hakujua. Nalijua hilo tangu siku nilipokaa kwenye kile kiti cha mbao, maana hata mimi niliyesimama na mwiko sikujua, niliogopa tu. Angejua asingemlisha, alimpenda mtoto yule. Neno hilo lilikuwa mkononi mwangu na lisingenigharimu kitu, na nilimnyima kwa kusudi, kama yeye alivyonifungia kopo sandukuni. Sasa nimeliandika. Mjukuu wangu akitaka kwenda kumsomea kaburini Igogo, njia anaijua. Mimi sitakwenda.